Mpapai dume haupigwi msumari: jibu kwa dada wa Kigamboni

Marahaba dada, na samahani nimechelewa kujibu, wiki nzima nilikuwa shamba na huko netiweki mpaka upande juu ya kichuguu. Swali lako nimelisoma mara mbili, naliweka hapa kwa kifupi ili na wengine waelewe tunaongelea nini. Uko Kigamboni, miaka miwili iliyopita ulinunua papai tamu sokoni, mbegu ukazimwaga nyuma ya nyumba, ikaota mipapai mitatu. Wa kwanza umerefuka mpaka umepita paa, unatoa maua kibao yananing'inia kama shanga lakini hujala hata papai moja. Wa pili unazaa mapapai marefu matamu ila mwaka huu umeruka, yani chini kuna mapapai, afu katikati shina tupu, afu juu yanaanza tena madogo. Wa tatu uliokuwa pembeni ya bafu la nje ulianguka wenyewe masika, ukakuta chini umeoza. Jirani anakwambia ule wa kwanza upigilie msumari utazaa, shemeji yako anasema ukate kichwa, na we unataka kujua umsikilize nani na ukipanda upya ufanyeje usiletewe dume tena.

Usimsikilize hata mmoja. Wa kwanza ni dume, na dume utabaki dume.

Hili la msumari nieleze vizuri kidogo maana naulizwa kila mwezi na watu hawapendi jibu langu. Mi nimekulia Muheza, babu yangu alikuwa na mpapai dume mbele ya jiko, akaupigilia misumari miwili ya inchi nne, na mwaka uliofuata ule mti kweli ukatoa mapapai matatu, madogo, marefu kama tango, yananing'inia kwenye vikonyo virefu kama taa za harusi. Babu alitangaza mtaa mzima, na mi niliamini mpaka naenda chuo. Kumbe mpapai dume una tabia hiyo hata usipoguswa. Kuna misimu, hasa hali ya hewa ikibadilika, baadhi ya yale maua ya kwenye ncha ya kikonyo yanaota na sehemu ya kike, yanashika, yanakuwa vipapai. Msimu ukipita mti unarudi kwenye udume wake kama kawaida. Sasa ikitokea ulipiga msumari miezi michache kabla, sifa zote zinaenda kwa msumari, na ile misumari mingine iliyopigwa mitaa yote ya Pwani na Tanga bila kuleta kitu hakuna anayeihadithia.

Afu una hasara. Shina la mpapai ukilikata utaona ndani ni bomba, tupu kabisa, na kuta zake ni nyama laini imejaa maji, sio mbao. Kwa kweli hata kuuita mti ni heshima tu tumeupa, ni jani kubwa lililojifanya mti. Ukitoboa msumari mvua inaingia kule ndani kwenye bomba inakaa, na ukungu unapata mlango. Kukata kichwa nako utachipua matawi mawili au matatu, mazuri tu, na kila tawi litakutolea maua yaleyale ya kuning'inia, maana udume hauko kichwani pale juu, uko mti mzima mpaka kwenye mizizi.

Sasa utajuaje upi ni upi? Kwenye maua, hakuna pengine. Watu watakwambia mbegu nyeusi ni jike na nyeupe ni dume, wengine wanaangalia mzizi wa mche kama umenyooka au umegawanyika, wengine mbegu inayozama na inayoelea. Nimejaribu zote kwenye kitalu changu na zote ni pata potea. Maabara wanaweza kupima mche mdogo kwa vinasaba, lakini mimi na wewe tusubiri maua, ambayo kwa joto la Dar yanatoka kama miezi 4 mpaka 6 toka uhamishe mche.

Chukua wembe, nenda kwenye ule mpapai wako wa pili, chuma ua moja ambalo halijafunguka ila limeshanenepa, lipasue kwa urefu toka kwenye kikonyo mpaka kwenye ncha. Utaona katikati kuna kitu cha kijani kimerefuka kama kidole kidogo, hicho ndo papai la kesho, na pembeni yake, kwenye shingo ya ua, kuna vipunje vya njano vimekizunguka. Vile vya njano ni vya kiume, vinatoa chavua, ule unga wa kupandishia. Ua lina vyote viwili, ndo maana mti huo tunauita wa jinsi mbili, unajipandisha wenyewe. Mpapai jike ua lake ni nene, limekaa karibu kabisa na shina kwenye kikonyo kifupi, moja moja au mawili matatu, ukilipasua katikati kuna kitu cha duara kama gololi, na juu yake vimikono vitano vilivyochanika kama ncha ya ufagio, vipunje vya njano havipo kabisa. Papai lake linakuwa la duara au kama yai, na ndani lina tundu kubwa. Na dume unaujua tayari, kikonyo kirefu kinaning'inia nusu mita hata mita nzima, maua madogo madogo membamba kama tarumbeta, ukipasua katikati hakuna gololi wala kidole, ni bomba tu na vipunje 10 vya njano.

Hapa ndo kwenye swali lako la msingi, kwa nini mbegu za papai moja tamu zikupe dume na jinsi mbili pamoja. Ni kama kwetu binadamu, kuna kromosomu za jinsi, X na Y, na mtoto anachukua moja kwa kila mzazi. Jike ni X mbili. Dume ni X na Y. Wa jinsi mbili ana X na Y yake ya aina nyingine, tuiite Y ndogo. Mbegu yoyote ikikosa X kabisa inakufa hukohuko ndani ya tunda, haioti. Sasa piga hesabu mwenyewe. Jike akipata chavua ya dume, watoto nusu majike nusu madume. Jike akipata chavua ya jinsi mbili, nusu majike nusu jinsi mbili, dume hakuna. Jinsi mbili akijipandisha mwenyewe unapata wawili jinsi mbili kwa jike mmoja, na dume hakuna tena. Ila jinsi mbili akiingiliwa na chavua ya dume wa jirani, basi theluthi moja watatoka madume. Kwa hiyo papai lako la sokoni, hata lilikuwa refu zuri namna gani, mama yake alishapitiwa na chavua ya dume huko lilikotoka, vinginevyo usingepata dume.

Ushaona tunakoelekea? Dawa unayo hapo hapo uani. Ule wa pili unaojipandisha, mtoto wake wa halali hawezi kuwa dume. Kazi ni kuhakikisha dume hajaingia tu. Subiri ua linenepe lakini halijafunguka, livalishe kimfuko cha karatasi, ile bahasha ya kaki ya dukani inatosha, funga mdomo kwa uzi bila kulibana, liache. Litafunguka humohumo ndani na kujipandisha. Likishadondosha petali na kipapai kikaanza kuonekana toa mfuko, funga kitambaa chekundu kwenye kikonyo ili watoto wasije wakalichuma lile, maana miezi minne mitano ya kusubiri sio mchezo. Valisha maua manne au matano sio moja, mengine yatadondoka tu. Papai hilo likiiva mbegu zake zote ni majike na jinsi mbili, na papai moja lina mbegu mia kadhaa, utagawia na majirani mpaka huyo wa msumari.

Tahadhari moja lakini. Kama papai ulilonunua lilitoka kwenye mbegu chotara ya dukani, zile F1 kama Red Lady ya Taiwan ambazo pakiti ndogo tu inakutoa jasho, basi watoto na wajukuu hawafanani na mama. Utapata mrefu, utapata mfupi, mtamu na wa kawaida. Kwa mtu anayelima eka nzima kuuza nisingemshauri hivi, anunue mbegu kila awamu. Kwa mipapai minne ya nyuma ya nyumba hamna neno, tena ndo raha yake.

Je dume umkate? Mi ningekata, kwa sababu wa pili hamhitaji. Ila kwanza chungulia ng'ambo ya ukuta. Kama jirani ana mpapai jike unaozaa, huenda huyo dume wako ndo baba wa watoto wote pale, na jike bila chavua anadondosha vitunda vikiwa vidogo au anazaa vipapai visivyo na mbegu. Wanaobeba chavua wakuu ni nondo, wale wakubwa wanaoruka jioni giza likianza kuingia na wanavuma kama vindege. Kule Bonde la Kerio, Kenya, watafiti waliwafuatilia wakakuta ndo wachavushaji wakubwa wa mipapai ya wakulima, na shamba likiwa mbali na vichaka asili nondo wanapungua. Kwa hiyo dume mmoja mtaani anatosha majike zaidi ya kumi, na tafadhali usipulizie dawa ya wadudu jioni. Ukimkata usimtupe hivihivi, kule Manado Indonesia maua ya papai dume ni mboga kabisa, wanayachemsha kupunguza uchungu afu wanakaanga na pilipili. Nimejaribu mara moja. Machungu bado, lakini na nazi yanaliwa.

Twende kwenye wa pili na hilo ruko lake, maana hapa ulinichekesha uliposema labda umerogwa. Shina la mpapai ni kalenda. Kila jani linapotoka juu, kwapani mwake ndo linatoka ua, na jani likidondoka linaacha kovu. Kwa hiyo sehemu tupu ya shina ni miezi ambayo maua hayakushika. Papai linachukua miezi minne mpaka mitano toka ua mpaka kuiva, sasa hesabu kurudi nyuma. Kama pengo uliliona Juni kwenye kimo cha mapapai ambayo yangekuwa yanakaribia kuiva, basi maua yake yalikuwa ya Januari na Februari, lile joto letu la kulala nje. Mpapai wa jinsi mbili ukipigwa na joto kali na kiu unaacha kutengeneza ile sehemu ya kike, maua yanatoka lakini ni ya kiume tupu, ukiyapasua unakuta kile kidole kimenywea kuwa kama uzi. Mvua zikirudi na yeye anarudi. Jike hana mambo hayo, jua mvua yeye anazaa, ila soko linapenda papai refu lenye nyama nene ndo maana wakulima wanavumilia vitimbi vya jinsi mbili.

Baridi nayo inauvuruga kwa namna nyingine, tunda linatoka limejikunja lina mifereji kama uso wa paka, hayo utayasikia zaidi kwa watu wa Lushoto na Njombe, Kigamboni sio shida yenu. Shida yenu ni mchanga na maji. Mchanga haushiki maji, yanapita kama kwenye kichujio, kwa hiyo Desemba mpaka Machi mvua zikikata mti mkubwa mpe ndoo ya lita 20 mara tatu kwa wiki, na funika chini kwa nyasi kavu au makuti, duara la mita moja, ila yasiguse shina. Na hayo maji ni ya kisima? Visima vingi vya pwani vina chumvi, na mpapai hauipendi. Ukiona sabuni inagoma kutoa povu na kingo za majani zinaungua kuwa kahawia kama zimepitishwa motoni, hiyo ni chumvi. Kinga maji ya mvua kwenye simtanki, na ukilazimika kutumia ya kisima mwagia mengi kwa mara moja ili yaisukume chumvi chini, kuliko kidogo kidogo kila siku ambako unaiacha inajikusanya juu.

Wa tatu, wa bafuni, huo ulizama. Najua kwetu mipapai mingi inaota nyuma ya bafu na inastawi, na inastawi kweli pale ambapo maji yanapita. Yakituama ni habari nyingine. Mizizi ya mpapai inahitaji hewa, siku mbili tu za kusimama kwenye maji zinatosha kuuua, na ukinusurika basi vimelea vya ukungu vya kwenye udongo vinaingia pale shina linapokutana na ardhi, gome linalainika, linakuwa kahawia, lina harufu, majani yanageuka njano yananinginia, afu upepo kidogo tu, chini. Masika ilimalizia kazi. Usipande mpapai mwingine pale pale, vile vimelea vinabaki kwenye udongo muda mrefu. Panda mgomba, huo ndo mlevi wa maji ya bafuni.

Haya sasa kupanda. Papai lako la kitambaa chekundu likiiva vizuri toa mbegu, utaona kila mbegu ina kifuko cha utelezi kama cha mbegu ya nyanya. Kile kifuko kinazuia kuota, lazima kitoke. Weka kwenye chujio, sugua na majivu au mchanga mkavu mpaka mbegu ibaki na ngozi ya mikunjo, osha, anika kivulini siku mbili. Loweka usiku mmoja kabla ya kuotesha. Tumia viriba, au chupa za maji zilizokatwa na kutobolewa chini, mbegu mbili mbili, kina cha sentimita moja hivi. Zinaota baina ya wiki mbili na nne, usikate tamaa wiki ya tatu ukamwaga, nimeona watu wanamwaga. Usioteshe kwenye tuta afu ung'oe, mpapai unanuna sana ukiguswa mizizi.

Mi napenda kuotesha Septemba na kuhamisha Novemba na mvua za vuli, mche ukiwa na kimo cha sentimita 15 mpaka 20, ili masika makubwa yakija unakuta umeshashika. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, mita mbili na nusu mpaka tatu toka shimo hadi shimo, udongo wa juu changanya na madebe mawili ya samadi iliyooza kabisa. Ya kuku iwe imekaa miezi, ikiwa mbichi inaunguza. Kwenye mchanga usiogope kuweka samadi nyingi, inashika maji. Rudishia mpaka udongo uinuke kama kichuguu kidogo, panda juu ya kichuguu, sio ndani ya beseni. Hapa ndo wengi wanakosea, wanatengeneza beseni zuri la kumwagilia, afu Aprili linakuwa bwawa.

Kila shimo weka miche miwili au mitatu, ipishane sentimita 20. Kwa mbegu zako za kwenye mfuko miwili inatosha kwa sababu dume hayumo, unachagua tu kama unataka jinsi mbili au jike. Kwa anayesoma hapa na ana mbegu za sokoni asizozijua baba yake, weka mitatu au minne. Kama madume ni nusu, mche mmoja ni kurusha shilingi, miche mitatu uwezekano wa yote kuwa madume ni 1 kati ya 8, minne ni 1 kati ya 16. Na msubiri maua ndo mpunguze! Nilivyoanza kazi hii nilijifanya mjanja, nikapunguza mapema nikaacha mche mnene kuliko yote kila shimo, mashimo 20, yakatoka madume 11. Madume yana kawaida ya kutangulia kutoa maua pia, kwa hiyo usishangilie ule wa kwanza kuchanua. Ukishachagua, ile mingine ikate kwa kisu usawa wa udongo, usiing'oe, utamvuruga anayebaki.

Mbolea, kiganja kimoja cha NPK kila miezi miwili kuzunguka mti, mbali kidogo na shina, na samadi mara mbili kwa mwaka. Mapapai yakianza kuwa na vinundu kama yamepigwa konde na yanavuja maziwa yenyewe, kwenye mchanga mara nyingi ni upungufu wa boroni. Kijiko kimoja cha chai cha boraksi, unga wenye hiyo boroni, kwa mti mzima, kwa mwaka, usizidishe maana ikizidi ni sumu kwa mti.

Vya kukuogopesha ni viwili, mdudu na ugonjwa. Kuna vile vidudu vyeupe kama pamba vinavyojaa chini ya majani na kwenye mapapai, vidung'ata vya mipapai, asili yao Meksiko na Amerika ya Kati, kwetu vimeingia miaka ya 2010 na pwani vimefanya fujo kweli. Ukiviona vichache vikwangue, mwagia maji kwa nguvu, afu pulizia maji ya sabuni ya kuoshea vyombo chini ya majani asubuhi na mapema. Na angalia sisimizi kwenye shina, wale ndo wachungaji wao, wanawalinda na kuwahamisha, ukizuia sisimizi kupanda umemaliza nusu ya kazi. Kingine ni virusi vya miduara, majani yanasinyaa yana mabaka, kwenye shina kuna michirizi kama ya mafuta na juu ya papai vimiduara kama mihuri. Hiyo haina dawa dada, usiuziwe dawa na mtu. Ng'oa, choma. Vinabebwa na vidukari, na maboga na matango yanaweza kuvihifadhi, kwa hiyo yale maboga yako uliyoniambia umepanda chini ya mpapai, yahamishe.

Mapapai yakibanana kwenye shina punguza yangali madogo, yakibanwa yanatoka na umbo la ajabu. Hayo mabichi usitupe, kwaruza kijiko kimoja upake kwenye nyama ya mishkaki nusu saa tu, utomvu wake una papaini inalainisha nyama, ukisahau ukaacha usiku mzima utakuta uji. Utomvu huohuo unawasha, usiingie machoni. Na kunguru wa Dar unawajua, usisubiri papai liwe njano mtini. Ukiona mchirizi mmoja au miwili ya njano inaanzia kule chini kwenye kitako, chuma, funga kwenye gazeti, siku tatu mpaka tano limeiva. Likichumwa kijani kibichi kabisa kabla ya mchirizi litalainika lakini sukari haipandi.

Mpapai unazaa vizuri miaka mitatu minne, baadaye unarefuka mpaka uchume kwa upondo na matunda yanakuwa madogo, kwa hiyo huo wa pili wenye miaka miwili ndo anza nao kazi ya mifuko mwezi huu huu. Ila kabla hujavalisha hata ua moja lipasue kwanza kwa wembe, lipige picha likiwa limefunguka hivyo, kwa karibu, kikonyo kionekane na vile vya njano vionekane, sio picha ya mti mzima ukiwa na watoto mbele yake kama ile uliyonitumia juzi, unitumie, nami nitakujibu siku hiyohiyo nikiwa nje ya shamba.